Dai la fidia ya majeraha huharibikia kwenye karatasi

Aliyegongwa na gari, aliyeteleza kwenye sakafu yenye mafuta, aliyekatwa na mashine kazini, kila mmoja anajua vizuri kilichompata. Tatizo ni kwamba watakaoamua dai lake hawakuwepo. Mkadiriaji wa bima, wakili wa upande wa pili na pengine jaji watasoma karatasi tu: ripoti ya ajali, maandishi ya daktari wa zamu, picha, hati za mshahara, barua. Karatasi zikikubaliana, dai husimama hata kama mdai si msemaji. Zikipishana, ukweli mtupu huanza kutiliwa shaka. Karibu kila kosa tutakalolitaja hapa lina mzizi huo.

Maneno yanayoandikwa hospitali

Kosa la mwanzo kabisa ni kusema "niko sawa" na kwenda nyumbani. Mwili ulioshtuka hutoa adrenalini, nayo hufunika maumivu. Shingo ya mtu aliyegongwa kwa nyuma mara nyingi huanza kukaza saa kadhaa baadaye au kesho yake. Mtikisiko wa ubongo unaweza kujionyesha baada ya siku moja au mbili kwa kichefuchefu, kusahausahau na kuchukia mwanga. Kuna kimfupa kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, ambacho kinaweza kuvunjika na eksirei ya siku ya kwanza isionyeshe chochote. Ndiyo maana madaktari wakikishuku hurudia picha baada ya siku 10 hadi 14. Anayeambiwa "hakuna mvunjiko" kisha asirudi, hukosa tiba na hukosa ushahidi.

Onwa na daktari siku hiyohiyo, au ndani ya saa 24. Wiki tatu zikipita kati ya ajali na maandishi ya kwanza ya hospitali, bima itauliza swali moja tu: hapo katikati ulifanya nini? Nalo ni swali gumu kulijibu, kwa sababu hakuna karatasi ya kipindi hicho.

Ukifika, taja kila panapouma, hata pale unapoona ni padogo. Mguu uliovunjika humeza maumivu ya bega. Bega lisipoandikwa siku ya kwanza, likianza kusumbua miezi minne baadaye litaonekana limeumia kwingine. Eleza pia ajali kwa sentensi fupi zisizofupika zaidi: nini kilikugonga, kutoka upande gani, uliangukia wapi. Muuguzi ana dakika chache na atakata maneno. "Aliteleza" humpeleka msomaji kwenye sakafu iliyolowa. "Alijikwaa" humpeleka kwenye shimo au kizuizi. "Alianguka ghafla" huweza kusomwa kama kizunguzungu, yaani ugonjwa wako mwenyewe. Neno moja kati ya hayo, likiandikwa vibaya, hugeuza dai lote. Omba nakala ndani ya wiki ya kwanza uisome. Ukikuta kosa, omba kwa maandishi liongezewe maelezo ya marekebisho yenye tarehe. Usiombe lifutwe: rekodi iliyochezewa ni mbaya kuliko rekodi yenye kosa.

Usifiche maradhi ya zamani. Watu wengi wenye mgongo uliokuwa ukiuma hata kabla ya ajali hukaa kimya wakidhani wanajilinda. Faili la zamani litapatikana, na likipatikana, hakuna tena atakayekuamini hata kwa majeraha mapya. Isitoshe, sheria katika nchi nyingi iko upande wako: aliyekuumiza anakuchukua jinsi ulivyo, na udhaifu wako. Katika kesi ya Uingereza ya mwaka 1962, Smith dhidi ya Leech Brain, mfanyakazi aliungua mdomo kwa tone la madini yaliyoyeyuka, ile sehemu ikageuka saratani, akafa. Mwajiri aliwajibika kwa kifo hicho, ingawa mwili wa marehemu ulikuwa tayari na dalili za kuelekea huko. Kwa hiyo mwambie daktari: mgongo uliuma kabla, kiasi hiki, mara ngapi kwa mwezi, kwa dawa gani, na baada ya ajali umekuwa hivi. Tofauti kati ya kabla na baada ndiyo dai lenyewe.

Ushahidi unaooza

Madoa ya damu huoshwa, sakafu hufutwa, shimo hufukiwa, na kamera hujifuta. Hili la kamera huumiza watu wengi. Mifumo mingi ya kurekodi huandika juu ya picha za zamani baada ya siku chache au wiki chache. Kusubiri mwezi ni kucheza kamari. Andika barua au barua pepe siku ya kwanza au ya pili kwa mwenye jengo, ukitaja tarehe, saa ya kuanzia na kuishia (nusu saa kabla na nusu saa baada ya ajali), mahali kamera ilipo, na uombe picha zihifadhiwe. Huhitaji kulaumu mtu katika barua hiyo. Tunza uthibitisho kwamba imepokewa, kwa sababu picha zikipotea baada ya kuombwa, hoja huhamia kwa aliyezipoteza.

Piga picha za aina tatu: ya mbali inayoonyesha eneo zima na alama isiyohama, kama mlango au nguzo, ya kati inayoonyesha hatari na njia uliyopita, ya karibu yenye rula au sarafu kando ili ukubwa ujulikane. Shimo lipimwe kina, si upana pekee. Michubuko ipigwe siku ya 1, ya 3, ya 7 na ya 14, kwa mwanga uleule, kwa kuwa hubadilika rangi na mara nyingi huonekana zaidi siku ya pili au ya tatu kuliko saa ya ajali. Hifadhi faili halisi kutoka kwenye simu. Picha iliyopitishwa kwenye programu za ujumbe hubanwa na mara nyingi hupoteza taarifa za saa na mahali ilipopigwa, na taarifa hizo ndizo wakili wako anazozihitaji.

Viatu ulivyovaa viwekwe kwenye mfuko, visivaliwe tena. Ukiendelea kuvivaa miezi sita, soli zitakuwa zimelika na upande wa pili utasema ziliisha kabla ya ajali. Nguo zenye damu zisifuliwe. Kofia ya pikipiki iliyopasuka, kiti kilichovunjika, kisaga kilicholipuka: usitengeneze, usirudishe dukani, usitupe. Anayedai kuwa bidhaa ilikuwa mbovu huku bidhaa yenyewe haipo ana kazi kubwa mbele yake.

Mashahidi: jina, simu, na sentensi moja ya alichokiona, siku hiyohiyo. Shahidi asiyekujua ana uzito kuliko ndugu watano. Ripoti ya polisi au kitabu cha ajali cha kazini navyo vifuatiliwe mpaka upate namba na nakala. Kumwambia msimamizi kwa mdomo si kuripoti.

Simu ya bima

Tofautisha bima yako na bima ya aliyekuumiza. Bima yako ina mkataba na wewe, na mkataba huo kwa kawaida unakutaka utoe taarifa mapema na ushirikiane nao. Ukichelewa, wanaweza kukataa kulipa hata pale ambapo hukuwa na kosa lolote. Bima ya upande wa pili haina mkataba na wewe. Itapiga simu haraka, sauti ya upole, "tunataka tu kusikia kwa maneno yako," na mazungumzo yatarekodiwa. Katika nchi nyingi hulazimiki kukubali. Wape jina, mawasiliano, tarehe na mahali pa ajali, kisha uombe maswali mengine yaje kwa maandishi.

Sababu yake ni ya kiutendaji tu. Siku ya tatu hujui bado umeumia kiasi gani, na "unajisikiaje leo?" hujibiwa kwa adabu: "Nzuri, namshukuru Mungu." Jibu hilo litasomwa mahakamani bila adabu yake. Swali jingine la mtego ni la kasi na umbali. Aliyebahatisha "kama mita 20" kisha mchoro wa polisi ukaonyesha 8, ameonekana mwongo kwa jambo ambalo hakulazimika kulijua. "Sijui" na "sikumbuki" ni majibu kamili.

Kuhusu kuomba radhi pale barabarani, watu huogopa kuliko inavyostahili. Uingereza, Sheria ya Fidia ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Lakini kuna umbali kati ya "pole sana, umeumia?" na "kosa ni langu, sikuangalia." La pili linaweza kugombana na masharti ya bima yako mwenyewe, ambayo mara nyingi hukataza kukiri wajibu bila idhini yao.

Fomu ya ruhusa ya kuchukua rekodi za matibabu isomwe kabla ya kusainiwa. Nyingine huomba kila kitu tangu kuzaliwa. Punguza: hospitali zipi, kuanzia tarehe gani, kwa sehemu zipi za mwili. Miaka michache kabla ya ajali huwa ombi la haki, hasa penye maradhi ya zamani. Maisha yote si ya haki.

Mitandao ya kijamii

Acha kuandika kuhusu ajali, na waombe rafiki zako wasikuweke kwenye picha. Picha ya sekunde moja ukitabasamu harusini haionyeshi saa tatu ulizolala baadaye. Lakini kosa kubwa zaidi ni kufuta yaliyokwisha kuwekwa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Virginia, Marekani, ilithibitisha adhabu dhidi ya mdai aliyefuta picha za Facebook baada ya kushauriwa na upande wa wakili wake: wakili alitozwa dola 542,000 na mdai dola 180,000. Picha zenyewe hazikuwa na uzito wa kiasi hicho. Badilisha mipangilio ionekane na marafiki pekee, kisha uache yaliyopo yabaki yalivyo.

Tiba yenye mapengo

Daktari akiandika mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, na ukaenda mara tano tu, upande wa pili una hoja mbili: kwamba hukuumia sana, na kwamba ulijizidishia hasara. Sheria za nchi nyingi humtaka mdai achukue hatua za busara kupunguza madhara yake. Kama huwezi kwenda kwa kukosa nauli, mtu wa kubaki na mtoto au ruhusa kazini, mwambie mtoa tiba aiandike sababu hiyo. Pengo lenye sababu iliyoandikwa halina madhara makubwa. Pengo tupu hujazwa na mawazo ya mpinzani.

Weka daftari la maumivu, lakini lisiwe shairi. Mistari mitatu kwa siku inatosha: kiwango cha maumivu kati ya 0 na 10, dawa na kipimo chake, na kitu kimoja ulichoshindwa kukifanya au ulichokifanya kwa shida. "Nilisimama jikoni dakika 12 nikalazimika kukaa" ina nguvu kuliko "nateseka mno." Andika siku nzuri pia. Daftari lenye 9 kila siku kwa miezi saba haliaminiki, kwa kuwa maumivu ya kweli hupanda na kushuka. Usiandike humo ushauri wa wakili wako, maana daftari linaweza kutakiwa na upande wa pili.

Hesabu

Fidia huwa na mafungu mawili. La kwanza ni hasara halisi: matibabu, nauli za hospitali, vifaa, mshahara uliokosekana, ukarabati wa kitu kilichoharibika. La pili ni fidia ya jumla kwa maumivu na kwa maisha yaliyopungua. Mahakama zinazofuata mfumo wa Uingereza hutaka fungu la kwanza litajwe kipengele kwa kipengele na lithibitishwe barabara. Risiti isiyokuwepo ni hasara isiyokuwepo. Risiti nyingi huchapishwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto. Zipige picha wiki hiyohiyo, uandike nyuma ya kila moja ilihusu nini.

Kwa mshahara, kusanya hati za malipo za miezi mitatu kabla ya ajali, barua ya mwajiri inayotaja siku ulizokosa, na posho za saa za ziada ambazo ungezipata. Aliyejiajiri ana kazi ngumu zaidi: vitabu vya mauzo, taarifa za benki, na makadirio ya kodi. Kipato ambacho hukukitangaza kwa mamlaka ya kodi ni vigumu kukidai hapa bila kujichimbia shimo kule. Fungu linalosahaulika zaidi ni kazi za watu wa nyumbani. Dada aliyekuogesha na kukupikia saa tatu kila siku kwa wiki kumi amefanya saa 210 za kazi, na katika nchi nyingi saa hizo hudaiwa, mradi zimeandikwa wakati zikifanyika.

Kutia chumvi ndiko kunakoua dai lenye afya. Uingereza, kifungu cha 57 cha Sheria ya Haki ya Jinai na Mahakama ya mwaka 2015 kinaitaka mahakama itupe dai lote pale mdai anapokuwa amedanganya katika jambo la msingi, ikiwemo sehemu ambayo ilikuwa kweli, isipokuwa kufanya hivyo kungeleta dhuluma kubwa. Mtu mwenye goti lililovunjika kweli, akasema hawezi kutembea bila gongo, kisha akarekodiwa akibeba gunia, anaweza kuondoka bila kitu.

Na usikubali haraka sehemu ya lawama. Kwa mkanda wa gari, hukumu ya Froom dhidi ya Butcher ya Uingereza mwaka 1975, iliyoandikwa na Jaji Denning, iliweka punguzo la asilimia 25 pale ambapo mkanda ungezuia jeraha kabisa, na asilimia 15 pale ambapo ungelipunguza sana. Kama mkanda usingesaidia chochote, hakuna punguzo. Kwingine mambo ni makali zaidi: Maryland, Virginia, Alabama na North Carolina huko Marekani, uzembe mdogo wa mdai kwa kawaida hufuta dai zima. Ndiyo maana lile neno la "labda na mimi sikuangalia" lina thamani tofauti kulingana na mahali lilipotamkwa.

Saa inayokwenda wakati mnazungumza

Mazungumzo na bima hayasimamishi muda wa kufungua kesi. Mkadiriaji anaweza kujibu barua zako kwa upole miezi ishirini, kisha siku moja baada ya ukomo akanyamaza, na sheria itakuwa upande wake. Uingereza ukomo wa kawaida ni miaka 3 tangu ajali au tangu ulipojua umeumizwa; Kenya madai ya uzembe ni miaka 3, lakini dhidi ya serikali ni miezi 12; California ni miaka 2, na dai dhidi ya taasisi ya serikali hutakiwa kuwasilishwa kwao kwanza ndani ya miezi 6; Tennessee ni mwaka 1. Abiria wa ndege ya kimataifa yuko chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, wenye miaka 2 isiyoongezwa. Andika tarehe mbili kwenye kalenda: ukomo wenyewe, na miezi sita kabla yake, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kuwa bado huna wakili.

Hakikisha pia uko kwenye njia sahihi. Ajali ya kazini huwa na mfuko wake na fomu zake katika nchi nyingi. New Zealand, tangu 1974, ina mfuko wa taifa unaolipa majeruhi bila kutafuta mwenye kosa, na kwa kawaida huwezi kumshtaki mtu kwa fidia ya jeraha unalolipwa na mfuko huo.

Wakili na sahihi ya mwisho

Ukiweka wakili wa kulipwa kwa asilimia, uliza swali moja ambalo wengi hawaulizi: asilimia inakatwa kabla au baada ya kutoa gharama? Chukua fidia ya sehemu 90, gharama za kesi 12, ada theluthi moja. Ikikatwa kabla, wakili anachukua 30, gharama 12, unabaki na 48. Ikikatwa baada, unatoa 12 kwanza, theluthi ya 78 ni 26, unabaki na 52. Uliza pia nani analipa gharama ukishindwa, na kama bima yako ya afya au mwajiri ana haki ya kurudishiwa alicholipa kutoka kwenye fidia yako. Hilo la mwisho hugundulika mara nyingi pesa zikiwa zimeshapangiwa matumizi.

Ofa ya kwanza huja mapema kwa sababu mapema ndipo gharama zako hazijajulikana. Subiri daktari aandike kwamba umepona, au kwamba hali imetulia na haitazamiwi kubadilika sana. Ukihitaji pesa kabla ya hapo, omba malipo ya awali yasiyofunga dai. Hati ya kuachilia madai kwa kawaida hufunga "majeraha yanayojulikana na yasiyojulikana"; goti likihitaji upasuaji mwaka ujao, utaulipia mwenyewe. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, soma majina ya wote unaowaachilia (ukimwachilia dereva, je, umemwachilia na mwenye gari?), kama kuna kipengele kinachokutaka uwalinde dhidi ya madai ya hospitali au bima nyingine, kama dai la mali limechanganywa na la mwili, na tarehe ya mwisho ya malipo pamoja na riba ya kuchelewa. Kama aliyeumia ni mtoto, uliza kama makubaliano yanahitaji kuidhinishwa na mahakama, kwa sababu sehemu nyingi sahihi ya mzazi peke yake haitoshi.